Ampu Mpya, Sebule Ile Ile

Najua nimepotea wiki kadhaa, kazi zilinibana. Nimerudi na jambo ambalo huenda likaniharibia urafiki na watu wawili watatu hapa Tudor, lakini leo litasemwa.

Jumamosi iliyopita rafiki yangu mmoja alinipigia simu nishuke nimsaidie kubeba amplifaya mpya kutoka kwenye tuktuk hadi ghorofa ya tatu. Mpya kwake, maana yenyewe ni mtumba wa Uingereza, chuma kitupu, nzito ajabu. Hiyo ni ya tatu tangu mwaka jana. Tulipofika juu, jasho linatutoka, akaunganisha nyaya, akaweka wimbo ule ule anaouweka kila siku, kisha akanitazama usoni kama mtu anayengoja majibu ya mtihani. "Sikiza, ndugu yangu. Sikiza besi hiyo!"

Nikasikiza. Nilichosikia ni sebule yake. Besi inavuma kwenye noti moja kama kawaida, kioo cha kabati kinatetemeka kama kawaida, sauti ya muimbaji inagonga vigae na kurudi kama kawaida. Nikamwambia, "Nzuri." Sikuwa mkweli, na imenikera wiki nzima, ndiyo maana naandika.

Madai yangu ni haya. Sisi wapenzi wa vyombo vya sauti tunabadilisha ampu, spika na nyaya kila baada ya miezi michache kwa sababu chombo ndicho kitu pekee tunachoweza kukibadilisha kwa alasiri moja, kwa pesa zetu, bila kuomba ruhusa ya mtu. Kasoro inayotusumbua iko kwingine, na wengi wetu tunajua iko wapi.

Kabla hamjanirukia, nianze na nafsi yangu. Mimi ni mtu wa kuandika kila kitu kwenye faili (ugonjwa wa kazi). Tangu 2021 faili langu linaonyesha ampu 4, jozi 3 za spika, na zile daki mbili, vile visanduku vya kugeuza namba za tarakilishi kuwa sauti. Hedifoni sikuziandika zote, niliona haya. Nikitoa nilichopata kwa kuuza vile vya zamani, nimepoteza shilingi 118,000. Kando ya kila chombo niliandika maoni yangu ya siku ya kwanza. Yasomeni mcheke: "Sasa ndiyo nimefika." "Kama pazia limeondolewa." "Hapa ndipo mwisho, sinunui tena." Maneno hayo ya mwisho yako kwenye mistari mitatu tofauti, miezi tofauti.

Mamangu hakuhitaji faili. Nilipoleta ile ya tatu alisimama mlangoni na mwiko mkononi akasikiliza kidogo, akauliza, "Sasa hii na ile tofauti yake ni nini?" Nikaanza kumueleza habari za wati. Akarudi jikoni.

Hebu tuzungumze hizo wati, kwa sababu ndipo wengi tunapoanza kulizwa. Mtu ana ampu ya wati 50, anaiuza, ananunua ya wati 100. Kichwani mwake amepata sauti mara mbili. Kwa hesabu amepata desibeli 3, tofauti inayosikika lakini ya kawaida tu. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, na desibeli 10 ni wati mara kumi: kutoka 50 hadi 500. Na pale sebuleni kwenye sauti ya kawaida, kabla jirani hajagonga ukuta, spika nyingi zinakula wati moja au mbili. Zile 98 zilizobaki zimekaa tu.

Lakini mbona kila ampu mpya husikika bora siku ile ya kwanza? Hapa kuna mtego ambao mimi mwenyewe ulininasa miaka mitatu. Ampu mbili zikiwa na kidude cha sauti kwenye alama ile ile, hazitoi sauti sawa. Moja itakuwa juu kidogo, na ikiwa juu kidogo sana hutasema ina sauti kubwa, utasema ni safi, imejaa, ina uhai. Tangu 1933 Fletcher na Munson wa maabara za Bell kule Marekani walionyesha kwamba sikio hupoteza besi sauti inapokuwa chini na kuirudisha inapopanda. Kwa hiyo ampu iliyo juu kidogo inakuletea pia besi nyingi zaidi bila kufanya kazi yoyote ya maana. Anayekuuzia anajua hili, au hajui lakini mkono wake unajua.

Halafu kuna macho. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha watu 40 spika zile zile mara mbili, mara wakiziona na mara zikiwa nyuma ya pazia. Alama zilibadilika. Spika kubwa zenye sura nzuri zilipanda zilipoonekana na zikashuka zilipofichwa, na hata wasikilizaji wazoefu hawakusalimika. Mwaka 2007 Meyer na Moran wakachapisha jaribio jingine: walipitisha sauti ya kiwango cha juu kuliko CD kwenye kigeuzi cha kawaida cha CD, biti 16 na hezi 44,100, wakawauliza watu ni ipi. Kati ya majaribio 554 walipata sawa mara 276. Ungeweza kurusha sarafu ukabaki nyumbani.

Nikajaribu mwenyewe. Programu ya foobar2000 ina kijalizo cha jaribio la upofu: inakupa A, inakupa B, kisha X ambayo hujui ni ipi, nawe ukisie. Nilirekodi sauti kutoka kwenye daki zangu mbili, ya shilingi 3,000 na ya shilingi 21,000, nikasawazisha viwango, nikakisia mara 16. Ili kudai kwa haki kwamba unasikia tofauti unahitaji angalau 12. Nilipata 9. Nikarudia kesho yake nikapata 7. Ile ya 21,000 niliiuza wiki hiyo hiyo kwa jamaa wa Kizingo, na namuomba radhi hapa hadharani. (Aliniambia ni kama pazia limeondolewa.)

Sasa, msinitilie maneno mdomoni. Sisemi vyombo vyote ni sawa. Spika zinatofautiana kweli, na hedifoni zinatofautiana zaidi, unasikia hata ukiwa na usingizi. Ampu iliyoharibika imeharibika. Ninachosema ni kwamba ukishakuwa na ampu nzima na spika za wastani, mshale wa kosa unaelekea upande mwingine, nasi tunaendelea kuchimba pale pale.

Kazini kwangu kosa hili lina historia ndefu. Mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo, kampuni moja hapa kisiwani ilikuwa na mfumo wa stoo uliokuwa mzito hata karani anabonyeza kitufe anakwenda kunywa chai. Wakubwa wakanunua seva mpya. Wiki mbili kila mtu anasifu kasi. Wiki ya tatu uzito umerudi, wakaanza kuzungumza habari za seva kubwa zaidi. Tulipokuja kupima tukakuta swali moja kwa hifadhidata linapitia jedwali zima mstari baada ya mstari, kila mara, kwa sababu hakuna aliyeweka fahirisi. Tiba ilikuwa mstari mmoja wa msimbo. Kununua seva kulikuwa rahisi kwa sababu seva inakuja na risiti na kila mtu anaiona imekaa pale. Kupima kunahitaji mtu akae chini akubali kwamba hajui.

Haya, tupime sebule ya Tudor. Kuta za mawe zenye plasta, sakafu ya vigae, dari ya zege, madirisha ya vioo. Piga kofi moja katikati ya chumba usikilize mlio unavyorukaruka. Huo mlio unaongezwa juu ya kila noti unayoicheza, na ampu ya laki tano itauongezea vile vile.

Besi ndiyo mbaya zaidi. Chukua chumba cha urefu wa mita 4. Kwenye joto letu la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba unapata kama hezi 44, mitetemo 44 kwa sekunde, ambayo ni besi haswa, pale gitaa la besi linapoishi. Kwenye mtetemo huo wimbi linasimama kati ya kuta mbili. Karibu na ukuta besi inafurika, katikati ya chumba inatoweka kabisa. Msiniamini mimi: tafuteni programu ya kutoa toni kwenye tarakilishi, wekeni 44, mtembee kutoka ukuta hadi ukuta. Chumba chako kikiwa na urefu mwingine piga hesabu upya. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilisimama katikati ya sebule nikiwa nimetoa macho, maana kochi ninalokaa siku zote, lile ambalo kwalo nimehukumu ampu nne na kuzikuta "hazina besi", liko katikati kabisa.

Nikasogeza spika nusu mita kutoka ukutani, nikasogeza kochi nyuma kama mita moja. Gharama: sifuri. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko jumla ya zile 118,000. Ilidumu hadi saa kumi na moja jioni, mama aliporudi akakuta kochi liko mahali si pake na wageni wanakuja. Kochi likarudi.

Na hapo ndipo penye kiini chenyewe, watu wangu. Sebule si yangu. Ni ya mama, ya wadogo zangu wanaotazama katuni, ya wageni wa Idi. Kochi linakaa linapokaa kwa sababu ya televisheni na mlango wa jikoni. Mapazia mazito na zulia nene vingesaidia sana mlio ule, lakini jaribu kumwambia mtu wa Mombasa afunge pazia zito mwezi wa pili. Madirisha yako wazi, feni inazunguka, matatu zinapiga honi barabarani. Nilipima kwa simu saa mbili usiku nikapata desibeli 52 kabla sijaweka wimbo wowote. CD ina nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo na kubwa kabisa. Ukitaka sauti yake ndogo kabisa isikike juu ya feni yako, ile kubwa itafika 148, na masikio ya binadamu huanza kuuma karibu na 120. Nasi tunabishana kama CD inatutosha!

Kwa hiyo mwanamume mzima, anayeishi kwao au na mke na watoto, ana kipande kimoja tu cha mita nusu kwa mita nusu ambacho ni himaya yake: ile rafu ya ampu. Hiyo anaweza kuibadilisha. Anabadilisha, sauti inabaki na kasoro zile zile za chumba, baada ya wiki sita mazoea yanaingia na anazisikia tena, anahitimisha kwamba ampu haikutosha. Na soko limetengenezwa kumlainishia njia. Mitumba ya Uingereza na ya Dubai inaingia kila mara, ukinunua kwa 20,000 unauza kwa 16,000, unajiambia umekodi tu. Hasara ndogo ndogo hizo hazimshtui mtu, mpaka aziandike kwenye faili.

Mwenye matatu simsemi. Yeye akiongeza wufa ana sababu, abiria wa kituoni anachagua gari lenye muziki, na pesa inarudi. Sisi abiria wetu ni nani?

Wapo watakaosema, "Wewe kijana, pesa ni zao, waache wafurahi." Sawa. Mtu akiniambia anapenda tu kununua mashine, kuzifungua, kuzipanga, sina neno naye, wengine hukusanya saa. Ugomvi wangu ni na yule anayesema anafanya hivyo kwa ajili ya muziki. Huyo namuuliza: unasikiliza nini kwenye hiyo ampu?

Maana nimekaa kwenye sebule nyingi za wapenzi wa sauti hapa kisiwani, na nyingi zinacheza nyimbo kumi zile zile za majaribio za Ulaya na Marekani, zilizorekodiwa vizuri ili ampu ipendeze. Taarab ya kwetu haichezwi. Ukiuliza unaambiwa, "rekodi zake mbovu." Kweli, nakala zinazozunguka kwenye simu ni mbovu: kanda iliyonakiliwa kutoka kanda iliyonakiliwa kutoka kanda, kila nakala ikiongeza mvumo wake juu ya ule wa mwanzo, kisha ikabanwa hadi ikawa MP3 ya kilobiti 64. Hakuna ampu itakayorudisha kilichopotea huko. Lakini kanda za mwanzo zipo, au zilikuwepo. Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale ilirekodi na kuuza kanda za taarab hata zikajaa kila nyumba. Kabla yake Assanand walikuwa na lebo ya Mzuri iliyotoa santuri za Mombasa, na ilipofika 2005 kampuni ya Ufaransa, Buda Musique, ndiyo iliyotoa mkusanyiko wa taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975 kwenye mfululizo wa Zanzibara. Juma Bhalo amefariki 2014, Zein l'Abdin 2016. Kanda za harusi walizoimba ziko chini ya vitanda vya mama zetu, kwenye unyevu huu unaootesha ukungu hata kwenye viatu.

Nyumbani kwetu kulikuwa na boksi moja. Kanda 23. Mojawapo ni ya harusi ya mamangu, 1995, wanawake wanaimba uani, na nyanya yangu yumo. Nyanya alifariki nikiwa darasa la sita. Kwa miaka mitatu mamangu aliniomba, si mara moja, "Hebu niwekee ile kanda nimsikie mama." Na kwa miaka mitatu hiyo nilileta ampu nne ndani ya nyumba isiyokuwa na deki ya kaseti inayofanya kazi. Sikuona ajabu yoyote. Kanda si sauti safi, nilijiambia, tena zina mvumo.

Mwaka jana nikaazima deki kutoka kwa mtu, sikuisafisha, sikuiangalia mkanda wake wa mpira, nikaitia kanda ya harusi moja kwa moja. Mimi, mwenye shahada ya sayansi ya tarakilishi, ninayewafokea wenzangu kazini kwa kutoweka nakala ya akiba. Ikazunguka dakika nne, ikaanza kunguruma, nilipobonyeza kusimamisha utepe ulikuwa umeshajifunga kwenye magurudumu na kukatika. Mama alikuwa amekaa pale kwenye kochi. Akasema, "Basi, mwanangu, haidhuru," akaenda kuangalia wali.

Nikaibeba kanda na deki hadi kwa fundi mmoja mzee wa Mwembe Tayari. Nikamuamkia, akaitikia, akaifungua ile kanda bila haraka. Akakata sehemu iliyokunjamana, akaunga, akahamishia utepe kwenye ganda la kanda nyingine lililo zima. Kama sekunde 40 za upande A zimepotea, hazitarudi. Kisha akaniuliza ninazo ampu za aina gani. Nikamtajia, kwa fahari kidogo. Akasema, "Njoo nikuonyeshe kitu, babangu." Akasafisha hedi ya deki kwa spiriti, akaweka kanda icheze, akachukua bisibisi ndogo na kuzungusha skrubu iliyo kando ya hedi, robo mzunguko tu. Sauti iliyokuwa kama inatoka ndani ya blanketi ikafunguka. Kumbe hedi ya deki iliyorekodi na ya deki inayocheza zisipolala pembe moja, sauti nyembamba zote zinakufa, na kila kanda inataka skrubu iguswe upya. Miaka yote hii nimetafuta pazia la kuondolewa, lilikuwa linashikiliwa na skrubu.

Nilinunua deki kwake kwa shilingi 4,500. Kanda ya dakika 90 kwa kiwango cha CD ni kama megabaiti 950, ukibana bila kupoteza kitu inakuja karibu nusu. Programu ni Audacity, ya bure. Nimeshamaliza kanda 14 kati ya 23. Mbili zimeota ukungu mweupe, nimeziweka kando mpaka fundi aziangalie, sitaki ujuaji tena. Kwenye ile ya harusi, kabla ya wimbo wa pili, nyanya anasikika akiwafukuza watoto karibu na maikrofoni, tena kwa matusi. Mama ameisikiliza hiyo sehemu mara nyingi kuliko nyimbo zenyewe, kwenye ampu ya zamani, kochi likiwa mahali pake, feni inazunguka.

Rafiki yangu wa ghorofa ya tatu, najua utasoma hapa. Kwenu kuna sanduku la kanda juu ya kabati, nimeliona kila nilipokuja kubeba ampu. Deki ninayo, bisibisi ninayo, Jumapili baada ya alasiri niko nyumbani. Lete kanda tatu nne tuanze nazo. Ukipanda kwetu angalia miguu, taa ya ngazini bado haijatengenezwa.